Jeti la Kushoto

Saa nane mchana, siku ya Jumamosi, ndege ya abiria themanini ilikuwa ikishuka kuelekea Bukoba katikati ya sebule moja ya Ipagala, jijini Dodoma. Mvua ilikipiga kioo cha mbele. Kiti kilitikisika. Kulikuwa na harufu ya kahawa iliyomwagika zamani kwenye zulia la chumba cha marubani, na ya waya zilizopata moto kidogo. Mwalimu Perpetua Chilongani, mwenye miaka sitini na mitatu, kanga kiunoni na glavu-hisia mikononi, aliteremsha magurudumu. Mawili yalijifunga pamoja. La mbele likachelewa kidogo, kisha likajifunga kwa kishindo. Mwalimu akatabasamu peke yake. Katika ndege halisi aina ya Kipungu gurudumu la mbele huchelewa hivyo hivyo, na kuupata ucheleweshaji ule sawasawa kulimchukua wiki mbili.

Kiigizaanga chenyewe hakikuwa ajabu. Miaka hiyo nyumba nyingi za mjini zilikuwa nacho: pazia la mwanga linalokuzunguka ulipoketi na kugeuka madirisha, anga na ardhi, pamoja na glavu zinazovidanganya vidole hadi vihisi swichi mahali pasipo na kitu. Ajabu ilikuwa pandikizo. Pandikizo ni ndege iliyotengenezwa kwa hesabu tupu, ambayo mtu huipandikiza kwenye kiigizaanga chake kama mkulima anavyopandikiza tawi la mchungwa kwenye shina la mlimau. Yako mapandikizo ya kitoto, yenye vitufe vitano na mngurumo wa mashine ya kusaga. La Mwalimu lilikuwa na swichi mia sita na kumi na mbili, kila moja ikifanya kazi yake, na mlango wa choo uliogoma kufunga. Warukaji wa sebuleni elfu thelathini na nane walilitumia, kuanzia Lindi hadi Lubumbashi, na walipenda kusema kwamba Kipungu cha Mwalimu ni Kipungu kuliko Kipungu chenyewe.

Watu hao hawakuwa wendawazimu, ingawa wake na waume zao waliwahi kudhani hivyo. Ndege za kweli zilikuwa zikijirusha zenyewe. Kila moja ilikuwa na ubongo-ndege, mtambo unaoona, unaopima na kuamua haraka kuliko mtu. Marubani wawili waliendelea kuketi mbele kwa sababu sheria iliwataka, kwa ajili ya ile siku moja mbaya ambayo ubongo-ndege ungeshindwa na kuwaachia usukani. Kwa hiyo mtu wa kurusha ndege kwa mikono yake, akatoka jasho, akakosea, akarudia, alipatikana sebuleni. Hata marubani wenyewe walilijua hilo. Kampuni ziliwapa saa nne za mazoezi kwa mwaka. Waliobaki na hamu, au na hofu, waliipandikiza Kipungu nyumbani kimyakimya.

Mwalimu alikuwa amefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka thelathini na mmoja. Yeye alistaafu, ualimu ukakataa. Alipokuwa akilitengeneza pandikizo aliomba ruhusa akaingia karakana ya ndege na futikamba yake, akapima, akanusa, akarekodi. Kila kitu alikiacha kilivyo, isipokuwa neno moja. Baraza la Lugha ya Anga, lililosanifu maneno ya marubani, lilikuwa limeamua injini ya ndege iitwe jeti, na kwamba jeti likiharibika rubani msaidizi asome kutoka orodha ya hatua: "Jeti la kulia, kata." Mwalimu alipoliona hilo "kata" alicheka hadi fundi wa karakana akaja kuuliza kuna nini.

"Kinachokatwa ni mti, na nyama, na kiu," alimwambia. "Injini inazimwa, baba. Hata mtoto wa chekechea anajua."

Basi akaandika "zima". Orodha yote aliisoma kwa sauti yake mwenyewe, ile sauti ya darasani isiyohitaji kipaza, na kwa miaka sita kila mrukaji wa sebuleni ambaye jeti lake lilishika moto aliambiwa na Mwalimu Perpetua: "Jeti la kulia, zima." Akazima. Wachache waliomwandikia kuhusu "kata" aliwajibu kwa mzaha mbele ya wote, kwenye baraza lao la mtandaoni, na watu wakacheka.

Siku tisa baada ya Jumamosi ile, Kipungu ya kweli ya kampuni ya Mbayuwayu, ikitokea Tabora, ilikutana na kundi la korongo dakika chache kabla ya kutua Dodoma. Ubongo-ndege ulipoteza vipimo vyake, ukafanya kama sheria inavyotaka: ukajitoa. Ndege ikabaki mikononi mwa watu. Dakika mbili baadaye ilianguka kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo. Abiria wote sitini na mmoja walitoka hai, wengine wakiwa wamevunjika. Lakini pua ya ndege iligonga tangi la zege la kumwagilia, upande wa kulia, anapoketi rubani msaidizi. Nyamizi Masele, binti wa miaka ishirini na saba, alifariki palepale. Kapteni Idrisa Lwambano alitolewa akiwa na mguu uliopondeka.

Wachunguzi walipofungua mabaki walishika vichwa. Korongo walikuwa wameliharibu jeti la kulia peke yake. La kushoto halikuwa na hata mkwaruzo, na lingeifikisha ndege uwanjani bila taabu. Lilikuwa limezimwa kwa mkono.

Tume ya uchunguzi ilikaa hadharani, na nchi ikaitazama kwenye kuta-picha. Mwalimu Perpetua aliitazama akichambua mchele jikoni. Mwenyekiti wa Tume, mzee mwenye miwani iliyomshuka puani, aliamuru sauti za chumba cha marubani zisikilizwe. Zilikuwa fupi, kwa sababu majeti yote mawili yalipokufa umeme ulikatika na kinasa-sauti kikazimika.

"Jeti la kulia linakufa," ilisema sauti ya Kapteni.

"Naliona," Nyamizi akajibu. "La kushoto zima."

Kisha mlio wa swichi ya mafuta. Kisha kimya.

Chini ya picha, mtambo-mwandishi wa Tume uliandika maneno hayo kama ulivyoyaelewa: *La kushoto, zima!* Uliweka mkato na alama ya mshangao. Kapteni Lwambano, magongo yakiwa yameegemezwa mezani, aliulizwa ilikuwaje. "Nilisikia zima," alisema, "nikazima." Mwenyekiti akatikisa kichwa. Akasema kwamba marehemu alitumia neno lisilo rasmi, tena akaamuru jeti lisilo lenyewe, makosa mawili katika maneno matatu.

Mwanamke mmoja akanyoosha mkono kutoka safu ya mbele. Alikuwa Mama Nyamizi, fundi cherehani wa Nzega, amevaa kitenge cheusi.

"Mheshimiwa, samahani," alisema. "Mnaniambia mwanangu alikuwa hajui kushoto na kulia?"

Kesho yake vijiwe vyote vilikuwa na mzaha mpya juu ya rubani asiyejua kushoto na kulia.

Lakini siku ile ya kikao, jikoni, Mwalimu alikuwa ameacha kuchambua. Ungo ulikuwa mapajani na mkono wake umeganda juu ya mchele. Alikuwa amekisikia kitu ambacho mtambo-mwandishi haukukisikia. Mswahili akiamuru, hutanguliza kitenzi: *zima la kushoto*. Akitanguliza jina, anatoa habari: *la kushoto zima*, yaani liko salama, halina kasoro, kama tunavyosema yai zima au gunia zima. Yule binti hakutoa amri yoyote. Alikuwa akimpa Kapteni wake habari njema, na kwa hofu akaisema kwa Kiswahili cha nyumbani kwao badala ya neno rasmi, "salama".

Mwalimu alifurahi kwa dakika nzima. Alikwisha kuinuka atafute anwani ya Tume. Ndipo swali likamshika mlangoni: Kapteni aliyefundishwa "kata", kwa nini mkono wake uitikie "zima"?

Jibu alilijua kabla hajalitafuta. Ni orodha za marubani peke yake zinazotanguliza jina la kitu, kisha kitendo. Na ni orodha moja tu duniani iliyosema *jeti la kushoto, zima*.

Warukaji wa sebuleni walikuwa na desturi ya kupeleka safari zao kwenye ghala la Mwalimu ili wenzao wazitazame na kuwasahihisha. Aliandika jina la Lwambano. Alikuwamo. Alikuwa mrukaji hodari, miaka mitano sasa, na zoezi alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kufa kwa jeti moja. Alikuwa amelirudia mara mia mbili na kumi na nne. Mwalimu alifungua moja, akaisikia sauti yake mwenyewe, imara, ikijiamini, ikimwambia yule baba: zima. Na kidole cha Kapteni kikienda kwenye swichi kabla neno halijaisha. Akafungua nyingine. Akafungua kumi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema mtu afanye nini akikuta kwamba mlaji ndiye yeye.

Alichofanya Mwalimu kwanza hakikuwa cha kishujaa, na tusimpambe. Alirekodi upya mstari ule. "Jeti la kulia, kata. Jeti la kushoto, kata." Akaupeleka kwa watu wote elfu thelathini na nane, na chini yake akaandika: *Marekebisho madogo.* Warukaji wakanung'unika kwamba Mwalimu amesalimu amri kwa Baraza. Yeye akanyamaza. Alijiambia kwamba amelitengeneza lililotengenezeka. Alijiambia kwamba hakumlazimisha mtu, kwamba pandikizo ni mchezo, tena liliandikwa waziwazi kuwa si la mafunzo. Alipika wali akashindwa kuula. Kila alipoketi kwenye kiigizaanga chake, raha yote ilikuwa imetoka. Alihesabu swichi kama mtu anayehesabu vyombo vya msiba. Aliona haya hata kuisikia sauti yake akimwita muuza maziwa. Alijua anachofanya. Alikuwa amejificha nyuma ya maiti ya mtoto wa watu.

Siku ya nne alivumilia akashindwa. Akaenda kwa Kapteni Lwambano, mtaa wa pili kutoka uwanja wa zamani wa maonyesho.

"Hodi," alisema mlangoni.

Mwanamume akasema polepole kutoka ndani, "Sauti hiyo naijua."

Alimkuta ndani ya pazia la mwanga, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Madirisha yake yalionyesha Dodoma kutoka angani, na mashamba ya zabibu kijani chini. Jeti la kulia lilikuwa linafuka moshi. Hata sasa alikuwa akilirudia zoezi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mguu. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Mbona umebadilisha neno?"

Mwalimu hakuketi. "Nataka kukijua kitu kimoja. Utaniwia radhi. Endelea kurusha."

Kapteni akamtazama, kisha akageukia mbele. Ndege ilianza kulalia upande. Mwalimu akasimama nyuma ya kiti cha kulia, na kwa sauti ya chini, ya mtu anayetoa habari tu, akasema, "La kushoto zima."

Kidole cha Kapteni kilikwenda. Swichi ya mafuta ikalia. Madirisha yote yakanyamaza, na ardhi ikaanza kupanda.

Pazia likazimika lenyewe na sebule ikarudi, yenye makochi na picha ya harusi. Kapteni aliutazama mkono wake.

"Alikuwa ananiambia liko salama," alisema.

"Ndiyo."

"Nilijua. Siyo pale. Baadaye kidogo. Umeme ulipokatika, kinasa-sauti kimeshazimika, aliniuliza, 'Kapteni, kwa nini?' Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kisha akaanza kuwaambia abiria wainamishe vichwa. Hilo sijamwambia mtu."

"Tukaseme, Idrisa. Wewe na mimi. Mama yake anaambiwa alizaa mtoto asiyejua kushoto na kulia."

"Tukisema, nitanyang'anywa leseni. Nitakuwa rubani aliyejifunza kuua ndege kwa mchezo wa sebuleni. Na wewe watakufungia Kipungu chako." Akashusha macho. "Mwalimu, marehemu hana leseni ya kunyang'anywa."

Mwalimu alitaka kumkaripia, akakuta hana pa kusimamia. Maneno yale yale alikuwa ameyaandika yeye siku nne kabla, kwa ufupi zaidi: marekebisho madogo. Alimwambia siku ya kikao cha mwisho, akaaga, akaondoka.

Kikao cha mwisho kilikuwa Alhamisi. Mwalimu aliomba kusema, na kwa kuwa alikuwa mwalimu, aliomba na ubao. Mbele ya Tume na ya nchi aliandika mistari miwili, *zima la kushoto* na *la kushoto zima*, akaeleza kama alivyokuwa akieleza kidato cha pili. Mwenyekiti alivua miwani. Baadhi ya watu walitabasamu kwa kuona jambo lililowashinda mabingwa likifunguliwa kwa sarufi. Kisha Mwalimu akaupa ubao mgongo.

"Hilo linaonyesha kwamba rubani Nyamizi Masele alisema kweli," alisema. "Sasa niwaeleze kwa nini kweli yake ilimuua. Baraza la Lugha ya Anga lilichagua neno 'kata' kusudi 'zima' isije ikachanganya watu. Mimi nililiondoa. Sikuuliza walilichagua kwa nini. Niliona wamekosea Kiswahili, nikaona raha kuwasahihisha. Kapteni Lwambano alifanya mazoezi kwangu mara mia mbili na kumi na nne, na kila mara sauti iliyomfundisha kuzima ni hii mnayoisikia."

Ukumbi ulinguruma. Mwenyekiti aliuliza kama kuna anayeweza kuthibitisha hayo. Gongo liligonga sakafu upande wa nyuma. Kapteni Lwambano alikuwa amesimama karibu na mlango.

"Ni kweli," alisema. "Na mimi nina la kuongeza."

Aliyoyaongeza yalimalizika saa saba. Alasiri ile ile Tume ilifuta makosa ya marehemu kwenye kumbukumbu zake, na leseni ya Kapteni ikachukuliwa palepale mezani. Kipungu cha Mwalimu kikafungwa. Mwalimu alitoka ukumbini akiwa amechoka kama aliyefua kutwa, lakini kifuani, lazima tuseme, kulikuwa na kitu kinachofanana na nafuu. Alidhani amemaliza.

Mama Nyamizi alikuwa akimsubiri kwenye korido, ameketi kwenye benchi, mkoba mapajani.

"Pole sana, mama," Mwalimu alianza. "Najua neno halitoshi..."

"Unamkumbuka mwanangu?"

"Sikuwahi kumfahamu."

"Alikuandikia." Mama Nyamizi alitoa mkobani simu ya binti yake, yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Miaka minne iliyopita, alipokuwa chuo cha urubani. Alikuwa anakipenda hicho Kipungu chako. Likizo nzima alirusha chumbani kwangu, nikishona, abiria wake ni mimi. Soma."

Mwalimu alisoma amesimama. *Shikamoo Mwalimu. Naomba kuuliza. Darasani tumeambiwa neno "kata" lina sababu yake, maana "zima" inaweza kueleweka vingine. Je, si vizuri kulirudisha? Samahani kama nimekosea. Ni mimi mwanafunzi wako wa mbali, Nyamizi.*

Chini yake lilikuwapo jibu, kwa jina la Mwalimu Perpetua Chilongani. *Binti yangu, huko chuoni wanawafundisha kurusha au kukata kuni? Rudi darasa la nne, ukimaliza njoo tuongee injini.* Watu mia tisa na arobaini walikuwa wamelichekea.

Hakulikumbuka. Alilitafuta kichwani, hata kivuli chake hakikuwapo. Alikuwa ameliandika kama anayefukuza nzi, pengine akisubiri chai ipoe, akaendelea na siku yake.

"Alinisomea," alisema Mama Nyamizi. "Mimi nilicheka. Najilaumu, lakini nilicheka, lilikuwa linachekesha. Yeye hakucheka. Baada ya hapo hakuuliza tena kitu kwa watu wakubwa. Teremka, kuna mengine."

Mwalimu aliteremsha kidole. Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, wa siku iliyofuata. *Nimeelewa, Mwalimu. Asante kwa kunirekebisha.*

Baada ya huo hapakuwa na kitu.

"Hapo hukumjibu," alisema Mama Nyamizi.

"Sikumjibu." Machozi yalimtoka Mwalimu mbele ya wapita njia, akayaacha. Mbele ya Tume alikuwa amesema hakuuliza. Hakujua kwamba alikuwa ameambiwa.

"Basi mjibu."

"Mama..."

"Mjibu. Palepale, chini ya maneno yake, hao waliocheka wakuone. Mimi sina haraka, basi la Nzega ni kesho."

Mwalimu alitoa simu yake mwenyewe, akalitafuta baraza la warukaji, akateremka miaka minne hadi akaufikia mstari ule wa mwisho. Aliandika sentensi ndefu, nzuri, akaisoma, akaifuta. Akaandika nyingine. Mama Nyamizi alisogea upande mmoja wa benchi, akampisha mahali pa kuketi.